Namna ya Kukopesheka Ukiwa Bukavu

Mpwa wangu anayeishi Louisville, Kentucky, alinipigia simu saa saba usiku na sauti ya mtu aliyefiwa. Nikamwambia akae chini kwanza, kisha aseme nani amekufa. Hakuna aliyekufa. Alikuwa amemaliza kulipa deni la gari lake, hadi dola ya mwisho, na wiki chache baadaye alama zake za ukopaji zikashuka.

"Zimeshuka juu ya nini?"

"Juu nimelipa, Mjomba."

Nilidhani mtandao unamla maneno. Akarudia polepole, kama mtu anayemfundisha mzee kutumia simu. Huko kila mtu mzima hutembea na namba mgongoni, kati ya 300 na 850. Kampuni inayoipika, FICO, ilianzishwa mwaka 1956 na mhandisi Bill Fair na mwanahisabati Earl Isaac, na namba yenyewe kwa sura inayojulikana leo ilitoka mwaka 1989. Mapishi yake hayana siri: 35% ni namna ulivyolipa madeni ya nyuma, 30% ni kiasi unachodaiwa, hasa kikilinganishwa na ulichoruhusiwa kukopa, 15% ni umri wa mikopo yako, na 20% iliyobaki hugawanywa sawa kati ya mikopo mipya na mchanganyiko wa aina za mikopo. Ukimaliza mkopo wako pekee wa gari, mchuzi unapungukiwa kiungo, na namba inashuka. Mtoto wa watu ameadhibiwa kwa kuacha kudaiwa.

"Na wewe, Mjomba, uko na ngapi?"

Nilimwambia betri inazima. Lakini swali lilibaki kitandani pamoja nami mpaka asubuhi, na mwongozo huu ndio jibu lake. Umeandikwa kwa ajili ya mkaaji wa Bukavu, Congo, awe wa Ibanda, Kadutu au Bagira, anayetaka kujua alama zake, kuzipandisha, na ikiwezekana kuzificha shemeji zake wasizione.

Kupima alama

Mmarekani hufungua programu kwenye simu. Wewe unahitaji mtoto na mfuko mtupu. Mtoto awe wa miaka saba hadi kumi: mdogo zaidi atasahau ujumbe, mkubwa zaidi ataona haya, atazunguka nyumba mara mbili na kurudi akisema butike imefungwa. Mtume saa kumi na mbili jioni, watu wakiwa wamejaa, aseme kwa sauti: "Mama, papa anasema umupatie sukari kilo moya, atalipa." Kisha kaa mlangoni usubiri.

Akirudi na kilo nzima, uko juu ya 800 na unaweza kuanza kufikiria mchele. Akirudi na nusu, wewe ni wa katikati: unaheshimiwa, lakini kuna macho juu yako. Akirudi na salamu tupu, "Mama anakusalimia sana," umeanguka chini ya 500, maana mama wa butike hana desturi ya kuwasalimia wanaolipa, hao anawauzia. Akirudi na mama mwenyewe nyuma yake, kaye imebanwa kwapani, acha kusoma hapa upitie mlango wa nyuma.

Kaye ndiyo mashine yenyewe. Ni daftari la shule lililolegea jalada, lina alama za vidole vya mawese na vumbi la unga wa muhogo, na limeningʼinizwa kwa kamba kando ya mishumaa. Humo hakuna namba za kitambulisho. Kitambulisho chetu cha kila siku ni kadi ya mpiga kura, na zile za 2023 zilifutika wino upesi kama ahadi zilizokuja nazo. Basi mama huandika anavyokujua: Papa wa Koti, Mwalimu wa Ngazi, Bibi wa Mapacha, Yule wa Mbwa. Usikasirike ukijikuta wewe ni Yule wa Mbwa. Kasirika siku utakapoona jina lako la ubatizo limeandikwa kamili pamoja na la baba yako, kwa sababu hapo ukurasa unaandaliwa kwenda kwa shefu wa avenue.

Kulipa, ikibidi

Ile 35% ya mpwa wangu ipo hata kwetu, ila tarehe ndiyo inayosumbua. Benki ya Kentucky ikisema tarehe 5, ni tarehe 5. Sisi tunasema "mwisho wa mwezi", na mwisho wa mwezi wa mwalimu anayengoja mshahara wa serikali unajulikana na Mungu na watu wawili walioko Kinshasa. Mama wa butike ameshajifunza kuuliza vizuri:

"Mama, kesho nakuletea."

"Kesho gani, Papa? Kesho ya kalenda ao kesho ya Yesu?"

Siri ambayo wadaiwa wengi hawaijui ni kwamba katika kaye kuchelewa hakuui. Kinachoua ni kubadili njia. Bukavu ni mji wa vilima, una ngazi za udongo na vijia vya kupenya katikati ya nyumba za mbao, na mtu mwenye deni huvijua vyote. Utamkuta ofisa mzima, viatu vimengʼaa, akiruka mfereji nyuma ya choo cha jirani ili asipite mbele ya butike. Anadhani ameokoka. Lakini mji huu umeingia ziwani kama mkono wenye vidole vitano, na popote utakapopita kuna kidole kinakuonyesha: yule pale, wa koti, ameshuka na njia ya chini. Pita mbele. Simama. Sema huna. Uliza habari za mguu wake unaouma. Mdaiwa anayesalimia hupanda alama ishirini kuliko mdaiwa anayejificha, hata kama wote wawili hawajalipa chochote.

Siku ukilipa, lipa na noti safi. Dola yenye mpasuko mdogo kama jino la panya haipokelewi mji mzima, na mama ataiinua juu ya taa kama daktari wa hospitali ya Panzi anayesoma picha ya mifupa. Ukilipa na noti mbovu umelipa na matusi.

Kuhusu kiwango cha juu cha deni, wataalamu wa Marekani hushauri usitumie zaidi ya theluthi ya ulichoruhusiwa. Ushauri mzuri, ila kwetu hakuna aliyewahi kuambiwa ameruhusiwa kiasi gani. Kiwango chako kimefichwa ndani ya sauti. "Karibu Papa" ni chini ya theluthi. "Eh, Papa" ni nusu. Mama akianza kupanga sabuni upya wakati unaongea, kadi yako imejaa.

Na usihame. Umri wa mkopo ni umri wa kukaa. Miaka kumi na miwili ya ulipaji mzuri Nyamugo haina thamani ya kiberiti siku utakapohamia Panzi, kwa sababu kaye haisafiri. Tena mtu aliyehama anaulizwa alichokimbia.

Vitu ambavyo FICO haivijui

Mashine ya akina Fair na Isaac haiulizi kama ulifika kwenye kilio. Hapa ni zaidi ya theluthi ya alama. Ulikaa usiku mmoja au tatu? Ulikotiza kiasi gani, na orodha ilisomwa kwa sauti? Mtu aliyetoa franga chache lakini akabeba viti mpaka asubuhi anakopesheka kuliko aliyetuma bahasha kwa dereva. Mimi mwenyewe namfahamu mtu ambaye hajawahi kulipa deni lolote kwa wakati katika maisha yake, na anaendelea kupewa, kwa sababu anajua kuimba kwenye vilio.

Kisha kuna ndugu. Marekani deni la kaka yako ni la kaka yako. Kwetu ukurasa mmoja huandikwa ukoo mzima, na alama zako huzaliwa zikiwa tayari zimechezewa na binamu usiyemfahamu. Nimetafuta njia ya kurekebisha hili nisiipate. Mmarekani anaweza kuandika barua kupinga taarifa zisizo zake. Jaribu wewe kumwandikia mama wa butike barua ukikana kwamba Yule wa Pikipiki ni mtoto wa shangazi yako.

Kupanda daraja: sanduku na likelemba

Ukishaweza sukari, nenda kwenye likelemba. Watu kumi wanatoa kiasi kilekile kila wiki au kila mwezi, mmoja anachukua chote, zamu inazunguka. Wasomi huieleza kama akiba. Si kweli. Likelemba ni mtihani, na matokeo yake ni nafasi yako kwenye foleni. Anayeaminiwa hupewa zamu ya kwanza, yaani anakopeshwa na wote kabla hajatoa kitu. Anayeshukiwa huwekwa wa mwisho, yaani yeye ndiye anayewakopesha wote. Ukitaka kujua wanakuonaje usiwaulize. Hesabu wangapi watachukua kabla yako.

Juu ya likelemba kuna AVEC, chama cha akiba na mikopo, na hapa ndipo penye elimu ya kweli. Watu 15 hadi 30, wengi wao wanawake, hukutana kila wiki kuzunguka sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu ziko kwa watu watatu wa nyumba tofauti, na anayelaza sanduku kwake hana hata mmoja. Kila mwanachama hununua kati ya hisa moja na tano kwa kikao na kupigiwa mihuri katika kadaftari kake. Mpango huu ulianza na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, ukatembea Afrika nzima, ukafika kwetu ukakuta akina mama walishajua nusu yake. Riba hupangwa na wanachama wenyewe, na mwisho wa mzunguko, baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili, fedha na faida hugawanywa, na riba uliyolipa kwa uchungu mwezi wa tatu inakurudia kwa sehemu kama mgeni mwenye zawadi.

Ila kabla ya hapo lazima usimame mbele ya wote uombe.

"Mkopo wa nini?"

"Wa biashara."

"Biashara gani?"

"Ya samaki, sambaza."

"Bwana yako anajua?"

"Anajua."

"Na ile kibeti mupya, ulinunua na nini?"

FICO, pamoja na kompyuta zake zote, haijawahi kuuliza habari za kibeti. Ndiyo maana Wamarekani wanashtukizwa na watu wasiolipa, na akina mama wa Kadutu hawashtukizwi mara nyingi.

Kosa la chombo hiki ni moja, nalo ni kubwa. Mzunguko ukifungwa, fedha zikagawanywa, daftari linakuwa karatasi. Mwanamke anaweza kukopa na kulipa kwenye sanduku kwa miaka kumi bila kuruka kikao, na ushahidi wote wa uaminifu wake ukaishia kufungia karanga kwenye soko la Nyawera. Siku anapoamua kukua, anavaa kitenge kizuri anaenda kwenye nyumba ya mikopo, na Bukavu haikukosa nyumba hizo: COOPEC Nyawera, Mecrebu, Paidek, Smico. Karani anamuuliza: umewahi kukopa wapi? Kwenye sanduku. Namaanisha wapi kwa karatasi? Hakuna. Basi alete garanti, hati za parseli ambazo ziko kwa jina la baba mkwe aliyefariki, na avalizeri, yaani mdhamini, mwenye mshahara ambaye, kwa bahati, ndiye anayedaiwa nyanya na mama huyu.

Juu kabisa, Banki Kuu ya Congo ina kituo chake cha taarifa za hatari ya mikopo, ambako mabenki hupeleka habari za wanaowakopesha. Namna ya kuingia humo ni rahisi: kopeshwa kwanza na nyumba ambayo, kabla ya kukukopesha, inataka kuona kama umo.

Usiwaonee wivu majirani. Wakenya walianza kukopa kwa simu M-Shwari ilipofunguliwa mwaka 2012, wakafuata wakopeshaji wengine wa simu wasio na idadi, na watu wakajikuta wameorodheshwa CRB, yaani kwenye ofisi za taarifa za mikopo, kwa deni la mikate michache, hata ikabidi mwaka 2020 Benki Kuu ya Kenya izuie kuorodheshwa kwa deni lisilofika shilingi 1,000. Watanzania nao wana mikopo waliyoipa jina la kausha damu, jina ambalo halihitaji mwongozo.

Njia za mkato

Ipo Banki Lambere. Zamani Lambert lilikuwa jina la benki ya heshima ya Wabelgiji. Kwetu Congo nzima ni jina la mtu wa avenue anayekupa dola 100 leo upeleke 150 mwisho wa mwezi, na ambaye mwisho wa mwezi wake ni wa kalenda. Haulizi kilio, haulizi ndugu, haulizi kibeti. Anaomba tu uache televisheni, au hati ya parseli, au kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri. Kila mtu anakopesheka kwa Lambere. Ndicho kipimo kwamba huko si mahali pa kwenda.

Njia nyingine ilitumika sana zamani na sasa imefungwa. Ilikuwa kukopa zaire, pesa yetu ya zamani, na kungoja. Mwaka 1993 Mobutu alileta zaire mpya moja badala ya zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 ikaja franga moja badala ya zaire mpya 100,000. Zidisha uone: franga moja, ambayo leo hata mtoto haiokoti, ilikula zaire za zamani bilioni 300. Kulikuwa na watu waliokopa bei ya nyumba wakalipa bei ya andazi, kihalali kabisa, na wakopeshaji wao wakawekewa andazi lenyewe mkononi. Hawakusahau. Ndiyo sababu mshahara wako unahesabiwa kwa franga na deni lako linaandikwa kwa dola.

Ikiwa benki ndiyo inayodaiwa

Nilikuwa nataka kuishia hapo juu, lakini mpwa wangu angesema nimekwepa swali.

Alama zangu zilikuwa nzuri. Nilikuwa mtu wa kilo nzima, zamu ya pili kwenye likelemba, na pesa kidogo zilizolala kwenye benki mojawapo, ambazo nilizitaja kila nilipopata nafasi. Tarehe 14 Februari 2025 waasi wa M23 wakachukua uwanja wa ndege wa Kavumu, na kufikia tarehe 16 mji ulikuwa mikononi mwao. Maghala yaliporwa, la PAM, Shirika la Chakula Duniani, pekee lilikuwa na karibu tani 7,000 za chakula. Wafanyabiashara waliochukua mali kwa deni waliamka hawana mali na deni lipo, kwa sababu kaye haina safu ya kuandika "imeporwa". Benki zilifunga milango, miezi ikapita. Noti zikawa adimu. Vibanda vya kutolea pesa za simu vikaanza kukata sehemu nono kwa kila anayetaka karatasi badala ya ujumbe, na wengine wakawa wanavuka Ruzizi kwenda Kamembe, upande wa Rwanda, kutafuta noti zao wenyewe.

Nilimpelekea mama wa butike karatasi ya benki, ile yenye muhuri na salio chini. Nilitaka ajue kwamba sijawa maskini, ni mlango tu. Aliisoma yote, pande mbili.

"Papa, hii haiko makuta. Iko picha ya makuta."

"Ni deni, mama. Benki inanidai, yaani mimi ndiye ninayeidai."

"Unaidai?"

"Naidai."

"Na inakusalimiaka?"

Sikuwa na jibu. Kwa vipimo vyote nilivyoviandika hapo juu, benki zetu zilikuwa zimebadili njia: hazipiti mbele ya nyumba, hazisimami kusema hazina, haziulizi habari za mguu. Vita haikuwa kosa lao, najua. Lakini Mwalimu wa Ngazi naye mshahara haukuchelewa kwa kosa lake, na alama zake zilishuka vilevile. Tofauti ni kwamba yeye yuko kwenye kaye. Mama alifungua ukurasa wangu, akaandika sukari, akaandika chumvi, na pembeni akaongeza kwa penseli: banki ikifungua.

Juzi mpwa amepiga tena, amefurahi. Amechukua kadi mpya ya mkopo ambayo hana haja nayo, na namba imeanza kupanda.

"Na wewe, Mjomba? Ulishajua uko na ngapi?"

Nilimwomba asikate. Nikamwita mtoto, nikampa mfuko, nikamtuma sukari kilo moja. Tuliongea habari za baridi ya Kentucky mpaka niliposikia miguu kwenye ngazi.

"Amerudi na nini?" akauliza.

Niliupima mfuko kwa mkono, mara mbili.

"Nusu," nikamwambia.

"Mjomba, hiyo ni kama 640. Si mbaya."

"Na ujumbe," akasema mtoto. "Mama anauliza kama nani anapigaka simu ya Amerika usiku hivi, na kama hana dola."